Injini ya Safari ya Mbali

Injini ilikuwa inaning'inia kwenye mnyororo katikati ya gereji, ikizunguka polepole, wakati binti wa seremala alipoingia getini na kumkuta Taratibu amelala chali chini ya pikapu, miguu tu ndiyo inaonekana.

"Hodi kwa mwenye miguu," alisema.

"Karibu, Bosi," sauti ilijibu kutoka chini ya chesisi. "Angalia hiyo oili, usije ukateleza ukanisingizia mimi."

Taratibu halikuwa jina alilopewa na mama yake. Wenzake walimpachika jina hilo kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akikimbia. Siku ndoo ya petroli iliposhika moto karibu na geti, watu wote walitoka mbio, yeye akatembea, akachota mchanga, akauzima, kisha akarudi kwenye nati aliyokuwa anaifungua. Binti wa seremala naye alikuwa Bosi kwa sababu pikapu ile ilikuwa yake. Baba yake alimwachia macho yalipoanza kumsumbua, na yeye akaigeuza kuwa kazi. Alihamisha watu vyombo, alibeba mbao, mabati na matangi ya maji. Aliendesha ameweka kiwiko dirishani, na wanaume waliomwuliza kama anahitaji msaada wa kufunga kamba waliishia kuambiwa wasogee kidogo, wanamziba.

Mpaka injini ilipokata roho. Ilikuwa ya petroli, ya zamani, imechoka kiasi kwamba ilikuwa inakunywa oili kuliko petroli yenyewe. Kila aliyeulizwa alisema auze vyuma chakavu. Bosi alikataa. Akaitafuta mwenyewe injini ya dizeli, changa, kutoka kwenye gari la abiria lililogongwa ubavuni, akaileta na giaboksi yake, propela shafti yake, ule mhimili mrefu wa kuzungusha magurudumu ya nyuma, na difu yake, vyote vikiwa vimelundikwa kwenye mkokoteni.

"Nataka uiingize hii humu," alimwambia Taratibu siku hiyo.

Taratibu aliitazama injini, akaitazama pikapu, akamtazama na mwenye pikapu. Huyo wa mwisho alimtazama kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika.

"Haikutengenezwa kwa ajili ya hii," alisema.

"Najua. Ndiyo maana nimekuja kwako."

Tangu hapo Bosi alikuwa haondoki gerejini. Alisema anakuja kusimamia mali yake. Mapenzi yao yalianzia chini ya gari hilohilo, siku aliyomshikia tochi wakati anafungua giaboksi ya zamani. Mwanga ukaacha kumulika kazi, ukamulika uso wa fundi.

"Nati iko huku, Bosi."

"Nimeiona," alisema, na tochi haikusogea.

Sasa kazi ilikuwa inaelekea ukingoni. Vishikio vya injini vilikuwa vimekatwa na kuchomelewa upya kwenye chesisi. Difu mpya ilikuwa imeshakaa nyuma. Giaboksi ilikuwa ndefu kuliko ile ya kwanza, kwa hiyo Taratibu alilazimika kutoboa sakafu ya kebini upya ili mti wa gia utokee nyuma zaidi. Alitoka chini ya gari, akajifuta mikono kwa tambara, akafungua mlango wa dereva.

"Panda. Nataka nione kama mkono unafika."

Bosi alipanda. Taratibu akainama dirishani, akamshika kiganja, akakiweka pale gia itakapokuwa. Hakukiachia. Bosi hakumwomba akiachie.

"Gia ya tano iko huku, karibu na nyonga," alisema Taratibu. "Ile ya zamani haikuwa na tano."

"Na milima? Itapanda milima ikiwa na mzigo?"

"Umeniuliza hivyo tangu mwanzo. Itapanda."

"Mzigo mzito?"

"Hata ukipakia nyumba nzima."

Bosi aligeuza uso akatazama kioo cha mbele, chenye ufa upande wa abiria. Taratibu aliliona hilo, lakini moyo wake siku hiyo ulikuwa mwepesi mno kutambua jambo. Kwa juma zima alikuwa anazunguka na maneno mdomoni.

"Kesho nataka kuja kwa mzee," alisema. "Nimeshashona na suruali. Cheche atanisindikiza, ameahidi hatafanya mzaha hata mmoja."

"Mimi?" Cheche, mchomeleaji, alipaza sauti kutoka kwenye kona yake, miwani myeusi imepandishwa kwenye paji la uso. "Nimesema nitajitahidi. Kuahidi ni neno kubwa."

Bosi hakucheka. "Usije kesho," alisema.

"Mzee anasafiri?"

"Usije tu. Tumalize gari kwanza."

Wakaendelea. Cheche akavuta mnyororo, injini ikapanda, Taratibu akaiongoza kwa mikono yake miwili mpaka ikateremka ndani ya boneti, ikagusa kishikio cha kushoto, ikagoma, ikasukumwa kwa nyonga, ikakaa. Boliti zikaingia. Bosi alikuwa upande wa pili, anashikilia mpira wa rejeta usibanwe, na kwa kitambo alisahau lililokuwa linamkaba, akatabasamu kama mtoto aliyeshinda mchezo. Taratibu alilitazama tabasamu lile, akajiambia kwamba atakuwa analiona kila siku mpaka azeeke.

Ndipo seremala alipoingia getini.

Alikuwa mtu mrefu aliyeanza kupinda, anatembea akitanguliza mkono mmoja kidogo kwa sababu ya macho. Aliwasalimu wote, akauliza habari za kazi, akaenda moja kwa moja nyuma ya pikapu na kuanza kupima bodi kwa futi yake ya kukunja, vidole vikisoma alama ambazo macho yalikuwa hayazioni tena vizuri.

"Shikamoo, mzee," Taratibu alisema, na akajikuta ananyoosha shati lililojaa grisi.

"Marahaba, mwanangu. Napima nitengeneze mbao za pembeni, ndefu. Hizi fupi hazifai. Kabati nililomtengenezea binti likianguka huko milimani nani atalifuata bondeni?"

"Milimani wapi, mzee?"

Seremala aliacha kupima. Uso wake ukatafuta upande aliosimama binti yake.

"Hujamwambia?"

Cheche alishusha miwani machoni ingawa hakuwa anachomelea kitu.

"Baba, ningemwambia leo," Bosi alisema.

Mzee alikunja futi yake taratibu, akaitia mfukoni. Alikuja akasimama karibu na Taratibu, karibu sana, kama wafanyavyo watu wenye macho mabovu, akamwekea mkono begani.

"Dada yake mkubwa nilimzika kabla ya mvua hizi," alisema. "Hilo unalijua. Ameacha wasichana wawili. Mkwe wangu anasimamia mitambo ya maji huko juu, nyumba yake iko mwisho wa barabara, hana dada wala mama. Mwenzako anakwenda kuwalea."

"Kuwalea, mzee, au kuolewa?"

"Vyote viwili."

Taratibu alimtazama Bosi. Bosi alikuwa ameshika mpira wa rejeta kwa mikono miwili, bado, ingawa hapakuwa na haja tena.

"Kwa hiyo mzee umemtoa," Taratibu alisema. "Umemtoa kama kiti. Kimevunjika kimoja, unapeleka kingine."

"Taratibu!" Cheche alishtuka.

"Mwache," alisema seremala. "Ana haki. Mwanangu, nina macho mabovu lakini siyo masikio. Kila siku jina lako liko mdomoni mwake nyumbani. Ungekuja kwangu mwaka jana, ningekupokea kwa mikono miwili. Umenikuta nimeshafiwa. Sikumlazimisha, muulize. Nilianza kumwambia habari hii kwa kuogopa, na yeye akajibu ndiyo kabla sijafika mwisho."

Aliondoa mkono begani, akaaga kwa adabu, akatoka. Cheche naye akakumbuka ghafla kwamba ana kiu.

Walibaki wawili, na gari lenye boneti wazi kati yao.

"Kweli?" aliuliza Taratibu.

"Kweli."

"Ulisema ndiyo."

"Nilisema ndiyo."

"Lini?"

"Kabla ya kukuletea injini." Sauti yake ilikuwa chini, lakini hakuificha. "Nilitaka gari la kufika huko na vitu alivyoviacha marehemu dada kwa baba, na la kuweza kurudi kumwona baba. Sikuja kukutafuta wewe. Nilikuja kutafuta fundi. Sasa mimi nifanyeje, na wewe ukawa hivi ulivyo?"

"Ungeniambia."

"Ningekwambia, ungeanza kunionea huruma. Nilitaka nikae na wewe siku chache bila jambo hili kukaa katikati yetu. Nilijiibia. Najua nimekuibia na wewe."

Taratibu aligeuka, akashika ukingo wa meza ya vifaa. Alikuwa mtu asiyejua kupiga kelele, na sasa hakujua maumivu yale ayapitishe wapi.

"Unampenda?"

"Shemeji? Namheshimu. Ni mtu mzuri. Alimuuguza dada yangu mpaka mwisho, alikuwa anamwogesha kwa mikono yake. Yeye mwenyewe bado analia akidhani hatumsikii."

"Basi unakwenda kufanya nini kwa mtu anayelilia mwingine?"

"Nilikwenda kwao baada ya arobaini. Yule mtoto mdogo alikuwa hasemi. Hasemi kabisa. Nikamtafuta nyumba nzima, nikamkuta ndani ya kabati, amejifungia na nguo za mama yake. Baba yake alishamwita, jirani alishamwita, hakutoka. Nilifungua mlango, hakuniambia neno. Alininusa hapa," akagusa shingo yake, "akatoka. Usiku alilala ameshika sikio langu. Nilipoondoka, dada yake ananiambia, alirudi kabatini."

Taratibu alifumba macho.

"Walete hapa," alisema baadaye. "Wote wawili. Nina chumba. Nitaongeza kingine. Nitawalea kama wangu, naapa."

"Nilimwomba. Unadhani sikuomba? Nilimwambia nipe watoto nikae nao kwa baba. Akaniambia, shemeji, chukua nyumba, chukua vyombo, chukua chochote, lakini hao ndio nimebaki nao. Nimjibu nini? Nimnyang'anye?"

"Basi nitakuja huko. Magari yako kila mahali. Sitakosa kazi."

"Uje ukae jirani?" Machozi sasa yalikuwa yanamtoka bila kizuizi. "Uwe unaniona naanika nguo zake? Mimi niwe nakuona wewe unapita? Hapana. Nitakuwa mke mbaya, na wewe utakuwa mtu mbaya, na wale watoto watakuwa na nyumba mbili mbovu. Kama nakwenda, naomba niende mzima."

Hakukuwa na mlango uliobaki. Taratibu aliujaribu kila mmoja kichwani mwake, akaukuta umefungwa na mtu ambaye hakuweza kumchukia: mzee asiyeona vizuri, mgane anayelia kwa kujificha, mtoto ndani ya kabati. Angalau angekuwepo mtu mbaya mmoja, angemshika shati.

"Na mimi?" aliuliza.

Bosi alifuta machozi kwa mgongo wa mkono. Kisha akatoka getini.

Alipoondoka, Cheche alirudi na chupa ya maji ambayo hakuinywa. Alisimama akaitazama ile pikapu.

"Sikiliza," alisema, safari hii bila mzaha. "Propela shafti bado hatujaikata ilingane na gari. Nikiichomelea ikae upande kidogo, kidogo tu, itaanza kutetemeka kabla hajafika mlima wa kwanza. Atarudishwa kwa kamba. Ukipata muda, umepata mwanamke."

Taratibu alimtazama. Cheche baadaye alisema aliona kwamba wazo lile lilimwingia, likakaa ndani yake, likavua viatu. Kisha Taratibu akanyanyua shafti kutoka sakafuni, akaiweka kwenye meza, akachukua chaki.

"Kata hapa," alisema. "Na ukimaliza nitaipima mwenyewe. Ikipinda hata unywele, utaanza upya."

Ilipinda kweli, kwa bahati mbaya tu, na Cheche alianza upya. Taratibu aliunganisha waya mmoja mmoja, akazungushia tepu, akazifunga mbali na joto. Alibadilisha mipira ya breki ambayo hakuombwa kuibadilisha, kwa sababu injini mpya ilikuwa na nguvu kuliko breki za zamani zilivyozoea. Alifanya kazi ile vizuri kuliko kazi yoyote aliyowahi kuifanya, na kila kilichokamilika kilimwuma.

Bosi alikuja siku iliyofuata alasiri. Hawakusalimiana kwa maneno mengi. Alipanda, akazungusha ufunguo. Injini ilikohoa, ikatema moshi mweupe, ikashika. Ikanguruma chini chini, imara, mpaka mafundi wa gereji ya jirani wakaja getini kuchungulia. Mmoja akapiga makofi. Bosi alicheka kwa sauti, mkono mdomoni, kisha uso wake ukakumbuka.

"Tuipeleke mlimani," alisema Taratibu. "Siwezi kukupa gari ambalo sijalisikia likipanda."

Walipanda barabara ya nyuma ya mji, ile inayokwenda kwenye matangi ya maji. Bosi aliendesha. Mwanzoni alikosea gia, mkono ukawa unatafuta pale ilipokuwa ya zamani, na Taratibu akaushika na kuupeleka ilipo. Mara ya pili hakukosea, lakini Taratibu aliushika hivyohivyo. Gari lilipanda bila kulalamika. Kwa muda ule wa kupanda, mtu angewaona kutoka nje, angedhani ni mume na mke wanaokwenda kuchukua mzigo.

Kileleni alisimamisha, akaacha injini ikiwaka.

"Sema kitu," alimwomba.

"Nakupenda," alisema Taratibu. "Haya, nimesema. Imesaidia nini?"

Bosi aliegemeza kichwa begani kwake. Alinukia sabuni na dizeli. Walikaa hivyo mpaka mshale wa joto ulipopanda ukatulia katikati, mahali pake panapotakiwa, na hakukuwa na sababu nyingine ya kukaa pale.

"Hakuna mlio wowote?" aliuliza Bosi.

"Hakuna. Iko sawa."

"Ulitaka uwepo?"

"Nilitaka," alisema Taratibu. "Twende. Mzee anasubiri gari apige mbao."

Bosi aliondoka mwisho wa juma, asubuhi. Taratibu hakwenda kumuaga. Alisikia pikapu ikipita barabara kuu, akiwa amelala chini ya gari la mtu mwingine, akaitambua tangu mbali. Aliifuata kwa masikio ilivyobadilisha gia kwenye mzunguko, ilivyoongeza mwendo, mpaka ikachanganyika na magari mengine. Cheche alikuja akasimama karibu na miguu yake.

Mvua zilikuja zikaisha. Ndugu za Taratibu walimtafutia binti, kisha mwingine. Aliwasikiliza kwa heshima, akawashukuru. Seremala alikuwa akipita gerejini mara mojamoja kuulizia hali, na wote wawili walizungumzia mbao.

Siku moja mchana simu yake iliita, namba asiyoijua.

"Fundi?" Ilikuwa sauti ya mwanamume, ya upole, yenye upepo nyuma yake. "Samahani kukusumbua. Nimekuta namba yako kwenye simu ya mke wangu. Wewe ndiye uliyetutengenezea pikapu."

Taratibu alikaa juu ya tairi.

"Nakusikia," alisema.

"Kwanza nikushukuru, ndugu yangu. Barabara ya huku ni mbaya, magari mengi hulala njiani. Lile limetuletea mama wa watoto salama. Nilisema lazima siku moja nikupigie." Alisita kidogo, kama mtu asiyependa kuonekana mjinga. "Sasa huku asubuhi ni baridi kali. Kuna taa ya njano, inawaka nikitia ufunguo. Nikiwasha hapohapo, inagoma. Nisiwe naiharibu."

"Usiwashe taa ikiwa inawaka," Taratibu alisema. Sauti yake ilitoka sawasawa. "Tia ufunguo, subiri. Injini inajipasha moto kwa ndani. Taa ikizima yenyewe, ndipo uwashe."

"Kumbe ni kusubiri tu."

"Kusubiri tu."

Nyuma ya sauti ya yule mtu, mtoto alikuwa anaongea. Anaongea mfululizo, haraka, habari ya kuku aliyeingia jikoni, na mwanamke anacheka na kumwambia amtoe basi, amtoe, asimkimbize. Taratibu aliibana simu sikioni. Hakukosea sauti ile.

"Huyo mdogo wetu," alisema yule mtu, na ilisikika kwamba anatabasamu. "Akianza hanyamazi. Haya, fundi, nisikumalizie muda. Hapa ni kwenu. Ukipita huku siku yoyote, karibu sana nyumbani."

"Asante. Nimeshakaribia."

"Niwasalimie wenyeji?"

Mtoto alikuwa bado anaongea. Mwanamke alikuwa bado anacheka.

"Hapana," alisema Taratibu. "Waambie tu wasiisahau oili."

Simu ilipokatika alibaki ameishika. Cheche alipandisha miwani, akauliza nani.

"Mteja," alijibu, akainuka, akarudi chini ya gari.